Taarifa za hadharani: si kila aliyelengwa amedukuliwa

Jaji akifuatwa na vitisho hadi nyumbani, au mhasibu akitapeliwa kwa barua pepe inayotaja safari ya bosi wake, watu husema neno moja: "Wamedukuliwa." Mara nyingi hakuna kilichodukuliwa. Udukuzi ni kuingia kwenye akaunti au mfumo bila idhini. Taarifa za hadharani ni zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma bila kuvunja kufuli: rejista ya kampuni, orodha ya bodi ya taaluma, ratiba ya kongamano, picha ya mahafali. Kumlenga mtu ni kuziokota hizo kwa makusudi, jina moja likiwa kichwani.

Neno hadhara limetoka kwenye Kiarabu, kwa mzizi ule ule uliotupa hudhuria, mahudhurio na hadhira. Kusema jambo hadharani kulikuwa kulisema mbele ya waliohudhuria. Uliwaona, nao walikuona. Mtandaoni, hadhara haina mahudhurio: msomaji hajulikani, anaweza kufika miaka kumi baadaye, na usiku mmoja unamtosha kupitia rejista nne. Neno ni lile lile, hali imebadilika, na ndiyo maana wengi hudhani kwamba kilicho hadharani hakina madhara.

Vipande vilivyotawanyika si sawa na vipande vilivyounganishwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ililitambua hilo mwaka 1989, ilipotofautisha kumbukumbu zilizosambaa katika mahakama na vituo vya polisi na muhtasari mmoja unaozikusanya pamoja. Mwaka 2000, Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data, alikadiria kwamba tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu 5 vinatosha kumtofautisha Mmarekani na wenzake wote, kwa takriban asilimia 87 yao. Vyote vitatu ni vitu ambavyo watu huvitaja bila kusita.

Mtaalamu mashuhuri yuko hatarini zaidi kwa kuwa kazi yake inamlazimu aonekane. Leseni lazima iweze kuthibitishwa, mkurugenzi lazima aandikishwe, makala ya utafiti hubeba barua pepe ya mwandishi. Ukijua anwani moja imeundwa kwa jina, nukta na jina la ukoo, umezijua za ofisi nzima. Ratiba ya kongamano nayo inaonyesha saa ambayo bosi yuko jukwaani na hapokei simu. Hiyo ndiyo saa ya kumwandikia mhasibu kwa jina la bosi, alipe haraka. Programu ya mazoezi huchora njia ya mbio inayoanzia na kuishia kwenye lango la nyumba.

Mipaka hukutana wakati mwingine. Septemba 2008, barua pepe ya Sarah Palin, aliyekuwa akigombea umakamu wa rais wa Marekani, ilifunguliwa na mtu aliyebadilisha nywila kwa kujibu maswali ya usalama: tarehe ya kuzaliwa, msimbo wa posta, mahali alipokutana na mumewe. Kuingia kwenye akaunti kulikuwa udukuzi. Kuyapata majibu hakukuwa, maana yalikuwa mtandaoni.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu dawa zake ni mbili. Aliyedukuliwa hubadilisha nywila. Aliyelengwa kwa taarifa za hadharani akibadilisha nywila hajaziba chochote. Yeye na atafute jina lake kamili, kisha jina pamoja na simu, kisha pamoja na anwani, aandike kila mahali panapojitokeza, na aanze kuondoa kwenye chanzo; akianza na nakala, zitazaliwa upya. Uingereza, tangu 2009 mkurugenzi anaweza kuonyesha anwani ya mawasiliano badala ya makazi yake, na tangu Oktoba 2015 siku ya kuzaliwa haionyeshwi, ila mwezi na mwaka. Wengi hukwama hapa: hati za zamani hubaki na anwani ya nyumbani mpaka mwenyewe aombe ifichwe. Majibu ya maswali ya usalama yawe ya kubuni, yatunzwe kama nywila. Ombi la malipo lithibitishwe kwa namba iliyokuwapo tangu awali, kamwe si ile iliyo kwenye barua yenyewe.

Basi kabla ya kusema "amedukuliwa", tuulize kama kuna kufuli lililovunjwa. Kama halipo, tuseme amelengwa kwa taarifa za hadharani. Ni maneno mengi zaidi, lakini yatampeleka mhusika kwenye rejista mapema.