Kukoroma ni sauti, kukatika pumzi ni kimya

Kwenye kambi za dagaa huku ziwani, mbalamwezi ndiyo likizo. Mwezi ukiwa mkali taa haivuti dagaa, basi wavuvi hulala usiku kama watu wengine, wamebanana chumba kimoja. Hapo ndipo mkoromaji hujulikana. Asubuhi anaulizwa usiku kucha alikuwa anawasha mashine aende wapi.

Kukoroma kwenyewe ni mtikisiko. Usingizi hulegeza misuli ya koromeo, njia ya hewa inakuwa nyembamba, na pumzi inayojipenyeza humo hutikisa kilimi na kaakaa laini, kama upepo unavyopiga tanga lililolegea.

Kukatika pumzi usingizini ni jambo jingine. Njia inaziba, kifua kinahangaika kuvuta, hewa haipiti. Madaktari huhesabu kila mara pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi: kuanzia mara 5 kwa saa si hali ya kawaida tena, na 30 ni hali kali. Mwenyewe hana habari. Ubongo unamshtua, anavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, kisha usingizi unamchukua tena. Kwa hiyo wewe unayelala naye, acha kuhesabu makelele. Sikiliza kile kimya cha pumzi iliyokatika.

Ukilala chali, ulimi unarudi nyuma kwa uzito wake na kuziba mlango. Ukilala ubavu, unatoka njiani. Shida ni kwamba mtu hugeuka bila kujua, ndiyo maana kuna ile hila ya kushona mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana. Mto nyuma ya mgongo nao unafaa, ingawa kwenye godoro la watu watatu mto utakaa wapi? Pombe ya usiku hulegeza koromeo zaidi, na gongo ndiyo usiseme. Kupunguza uzito husaidia wanene, polepole.

Ila anayekatika pumzi, akaamka kichwa kinamuuma, akasinzia mchana kwenye usukani wa daladala, huyo mpira hautamtosha. Aende hospitali. Ipo mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa na kuacha njia wazi. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliieleza mwaka 1981. Inataka umeme usiku kucha, na hapo mvuvi wa kisiwani atakuwa na swali lake.

Mtoto anayekoroma kila usiku usimhangaikie kwa mito. Mara nyingi ni tonsili au nyama za pua. Aonwe na daktari wa masikio, pua na koo.