Kabla ya kuomba nafasi ya utafiti wa fizikia ya chembe, chora histogramu hii

Wanafunzi wengi hudhani utafiti wa fizikia ya chembe unadai kwanza nadharia nzito. Upande wa majaribio, mwanafunzi mara nyingi hupewa kazi ya kompyuta: kusoma mafaili makubwa, kuchuja matukio (rekodi za migongano ya chembe), kuchora, kisha kueleza kwa nini mchoro umetoka hivyo. Kazi hiyo unaweza kuianza leo. CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ilifungua hazina yake ya data huria mwaka 2014, na kupakua hakuhitaji kujisajili.

Ninapendekeza faili la mwaka 2012 la CMS, kigunduzi kimojawapo cha CERN, lenye jozi za muoni (chembe kama elektroni lakini nzito zaidi): matukio kama milioni 61, gigabaiti 2 hivi. Lisome kwa Python kupitia uproot, maktaba ya kusoma mafaili ya aina hii. Chagua matukio yenye muoni mbili tu zenye chaji kinyume, kisha kokotoa tungamo la jozi:

M² = 2 · pT₁ · pT₂ · (cosh Δη − cos Δφ)

Hapa M ni tungamo la jozi, pT ni momenta ya kila muoni kukingama na mwelekeo wa mgongano, na Δη na Δφ ni tofauti za mielekeo yao. Fomula hii inapuuza tungamo la muoni yenyewe, GeV 0.106 (GeV ni kizio cha nishati, hutumika pia kwa tungamo). Kwenye GeV 91 huoni tofauti, lakini chini ya GeV 1 itakupotosha. Huko tumia vekta kamili ya nishati na momenta. Usilipakie faili zima kwa mkupuo, kumbukumbu itajaa na programu itakatika. Lisome vipande vipande, ukijumlisha kila hatua kwenye histogramu, yaani mchoro unaohesabu matukio kwa kila kiwango cha tungamo. Mihimili yote miwili ya mchoro iwe ya logi, na wa tungamo uanzie GeV 0.25 hadi 300, la sivyo vilele vyembamba vitamezwa.

Ukifanya sawasawa, utaona vilele vya chembe zinazovunjika kuwa jozi za muoni: J/ψ itasimama kwenye GeV 3.1, Υ karibu na 9.5, na Z kwenye 91.2. Sasa jiulize swali ambalo wengi hulipita: upana wa vilele hivyo unatoka wapi? Upana wa asili wa Z, yaani ule ambao ungeonekana hata kwa kigunduzi kisicho na kasoro, ni karibu GeV 2.5, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokiona ni Z yenyewe. Upana wa asili wa J/ψ haufiki hata MeV 0.1 (GeV 1 ni MeV 1000). Kilele chake unachokiona ni kipana mara mamia, na upana huo ni wa kigunduzi, kwa sababu kinapima momenta kwa usahihi wenye kikomo. Aya mbili za maelezo haya, zikiambatana na msimbo unaoendeshwa na mtu mwingine bila kukwama, zina uzito kuliko barua ndefu ya kueleza unavyoipenda sayansi.

Mpango wa CERN wa wanafunzi wa kiangazi huchukua wa fizikia, kompyuta na uhandisi waliomaliza angalau miaka 3 ya chuo, na una njia pia kwa wanaotoka nchi zisizo wanachama. Anayetaka kufanya kazi akiwa kwake aangalie Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuandika programu huria, ambako CERN na HSF (ushirika wa programu za kompyuta za fizikia ya chembe) huorodhesha miradi yao pamoja na walezi wake. Huko waandikie walezi mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa: baadhi yao hutoa zoezi la majaribio, na pendekezo huandikwa baada ya zoezi hilo.