Usharika si ushirika, wala si misheni

Majuzi nilipanda Lushoto kwenye maandalizi ya sherehe ya kanisa moja la kijijini. Juu ya mlango wametundika bango jipya, limeandikwa kwa herufi za zambarau: "USHIRIKA WETU, TANGU 1891". Nikanyamaza. Kisha mzee wa kamati akashika kipaza sauti: "Ushirika huu tuliletewa na Wajerumani." Hapo uvumilivu ukanishinda.

Usharika, kwa sisi Walutheri, ni Wakristo wa mahali pamoja wenye mchungaji wao na wazee wao wa kanisa. Wakatoliki wana parokia, sisi tuna usharika, na chini yake mitaa. Maana ndiyo hiyo.

Taabu iko kwenye herufi moja: usharika, ushirika. Maneno haya yote ni ya ukoo mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwenzako. Humo tumepata shiriki, shirika, mshiriki, ushirika na usharika. Tumepata pia ushirikina, maana asili yake ni kumpa Mungu mshirika. Kwa hiyo ushirikina unaokemewa kila Jumapili na usharika unaohubiriwa ni ndugu wa damu, jambo ambalo sijamsikia mhubiri akiligusa.

Ushirika ni ile hali ya kushirikiana. Wanaochanganya nawaelewa, kwani ibadani tunasikia mara nyingi "ushirika wa Roho Mtakatifu ukae nanyi nyote", na sikio linazoea. Lakini ukiandika ushirika juu ya mlango, mpita njia atadhani hapo wakulima wanapimiwa kahawa. Usharika ni watu wenyewe, wanaohesabika. Mmoja wao anaitwa msharika, ana bahasha yake ya ahadi yenye namba, na asipoirudisha miezi mitatu mzee wa mtaa anapiga hodi.

Halafu kuna misheni, neno la kutoka Kilatini, lenye maana ya kutuma. Misheni ni waliotumwa, na baadaye ni kituo chao: nyumba, shule, zahanati. Chama kilichowatuma Wajerumani hawa kiliundwa Berlin mwaka 1886, baadaye kikahamia Bethel karibu na Bielefeld, ndiyo maana wakaitwa Misheni ya Bethel. Tanga mjini walifika 1890, mwaka uliofuata wakapanda Mlalo, huku kwenye milima ya Usambara, wakapaita Hohenfriedeberg. Jina hilo liliondoka nao, Mlalo ikabaki Mlalo. Vuga walifika 1895.

Kwa hiyo 1891 ni mwaka wa kituo cha Mlalo. Kijiji cha yule mzee kiko milima miwili kutoka hapo! Na hata Mlalo kwenyewe, siku mahema yaliposimamishwa palikuwa na misheni, usharika bado. Usharika ulisubiri mpaka Wasambaa wabatizwe, na nani aliwafundisha wengi wao katechismu kama si walimu Wasambaa wenzao? Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, hadi katikati ya miaka ya 1920, vituo vilikosa wenyewe, lakini sharika ziliendelea kusali na walimu na wazee wao. Ingekuwa misheni na usharika ni kitu kimoja, siku ile tungefunga milango.

Nilimwambia mzee haya taratibu, pembeni, tukinywa chai. Akacheka, akasema bango limeshalipiwa. Sawa, mzee wangu, halina haja ya kuchapwa upya. Kijana akate kipande cha karatasi nyeupe, abandike juu ya ile I ya kwanza na kuandika A. Ule mwaka tuufunike kwanza, mpaka mtu afungue kabati la ofisini, atoe kitabu cha ubatizo, na kusoma tarehe iliyo kwenye mstari wa juu kabisa.