Je, wajua kwa nini riwaya za kihistoria za watoto huacha baadhi ya mambo yaliyotokea?

Mtoto anapoambiwa kwamba hadithi anayoisoma ilitokea kweli, huamini kila kilichomo, kuanzia umri wa mhusika hadi sababu zilizoifanya familia kuhama. Hata hivyo, mwandishi wa riwaya ya kihistoria huchagua, na katika hadithi za walowezi waliohamia maeneo mapya uchaguzi huo una uzito wa pekee, kwa sababu ardhi waliyoiita mpya ilikuwa na wenyewe.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni wa Laura Ingalls Wilder, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1867 katika jimbo la Wisconsin, ambaye mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 65, alianza kuchapisha mfululizo wa vitabu vya watoto kuhusu utoto wake katika familia ya walowezi. Kabla ya hapo alikuwa ameandika kumbukumbu za maisha yake kwa ajili ya watu wazima, zikakosa mchapishaji na kubaki bila kuchapishwa hadi mwaka 2014. Kwa kuwa sasa maandishi yote mawili yapo, tunaweza kuyalinganisha na kuona alichokibakiza, alichokibadilisha na alichokiacha.

Alianza na umri. Familia yake ilifika Kansas mwaka 1869, naye alikuwa na miaka miwili tu. Walipoondoka mwaka 1871 alikuwa na miaka minne. Katika kitabu kinachosimulia kipindi hicho cha Kansas amefanywa mkubwa zaidi, mtoto anayeweza kutazama, kuuliza na kuogopa kwa akili yake mwenyewe. Badiliko hili ni la lazima kwa riwaya ya aina hii, kwani msomaji mdogo huiona dunia ya kale kupitia macho ya mtoto mwenzake, na macho ya mtoto wa miaka miwili hayawezi kubeba hadithi nzima.

Jambo la pili ni vitu vinavyoshikika kwa mkono, na hapa ndipo ustadi wake ulipo mkubwa kuliko kwingine. Katika majira ya baridi ya mwaka 1880 na 1881, dhoruba za theluji ziliufungia mji mdogo wa De Smet, Dakota, treni zikakoma kuja, unga ukaisha dukani na makaa ya mawe yakakosekana. Familia ilisaga ngano, kiasi kidogo kidogo, katika kinu cha mkono cha kusagia kahawa, wakipokezana kuzungusha mpini kutwa nzima ili wapate mkate wa siku hiyo. Na kwa sababu majani makavu yakitupwa motoni huteketea mara moja, waliyasokota yakakaza kama vijiti ndipo yakafaa kuwa kuni. Mwandishi hakuhitaji kueleza njaa kwa maneno makubwa. Msomaji akishajua kinu hicho kidogo kilitoa unga kiasi gani, ameielewa njaa yenyewe. Hata hivyo, kumbukumbu zinaonyesha kwamba mume na mke wengine, pamoja na mtoto wao mchanga, waliishi ndani ya nyumba hiyo majira hayo yote. Kitabuni hawamo, na familia inaonekana ikipambana peke yake.

Ameacha pia kaka yake mdogo, aliyezaliwa mwaka 1875 na kufariki mwaka uliofuata akiwa na miezi tisa, pamoja na kipindi ambacho familia ilirudi nyuma hadi Burr Oak, Iowa, ikafanya kazi hotelini na hatimaye kuondoka usiku ikiwa na deni la kodi ya nyumba. Sababu si ngumu kuiona: vitabu vyake vinasimulia safari ya kwenda magharibi na familia inayojitegemea, na Iowa ilikuwa upande wa mashariki. Kwa maoni yangu, mtu ana haki ya kuificha huzuni ya nyumbani kwake.

Suala la ardhi ni jingine kabisa. Huko Kansas, baba yake alijenga nyumba ya magogo kwenye ardhi ambayo bado ilikuwa ya Waosage, taifa la wenyeji asilia wa Marekani, kwa mkataba, na ambayo haikuwa imefunguliwa kwa walowezi. Waosage walisukumwa hadi wakaiuza na kuhamia katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Toleo la mwaka 1935 la kitabu hicho cha Kansas lilisema kwamba nchi ile haikuwa na watu, ila “Wahindi”, yaani wenyeji hao asilia, peke yao ndio walioishi humo. Baada ya msomaji mmoja kulalamika mwaka 1952, mchapishaji alirekebisha sentensi hiyo, na tangu toleo la mwaka 1953 inasema kwamba hapakuwa na walowezi. Mwandishi mwenyewe alikiri kosa hilo na kukubali lisahihishwe, lakini mtazamo wa kitabu kizima ulibaki vilevile, na mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto nchini Marekani kiliondoa jina lake kwenye tuzo kubwa ya fasihi ya watoto.

Kuna wanaodai kwamba watoto hawawezi kubeba ukweli mzito zaidi. Louise Erdrich, mwandishi wa Marekani mwenye asili ya Waojibwe, taifa jingine la wenyeji asilia, alionyesha kinyume chake mwaka 1999 alipoanza mfululizo wake kuhusu msichana wa Kiojibwe anayeishi kwenye kisiwa cha Ziwa Superior mwaka 1847. Humo mna kazi za kila siku za nyumbani, zimeelezwa kwa utulivu na kwa upendo, na mna walowezi wanaozidi kusogea karibu. Ugonjwa wa ndui unaingia kijijini na kumuua kaka mdogo wa msichana huyo, naye mwandishi anakisimulia kifo hicho waziwazi, katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi.