Je, wajua kwa nini kombe la majimbo la hurling, mchezo wa fimbo na mpira wa Ireland, liliitwa Kombe la Reli?

Kwa sababu walilitoa watu wa reli. Kampuni ya Great Southern Railways ilikabidhi vikombe viwili kwa Chama cha Michezo ya Kigaeli, yaani michezo ya jadi ya Ireland: kimoja cha hurling, kingine cha kandanda ya Kigaeli, vishindaniwe na majimbo manne ya kisiwa hicho, yaani Munster, Leinster, Connacht na Ulster. Reli na michezo zilikuwa zikifaana. Siku ya mechi kubwa, treni maalumu ndizo zilizowaleta mashabiki Dublin.

Hurling ni mchezo wa kasi ya ajabu. Timu ina watu 15, kila mmoja na fimbo, ambayo kwa desturi ni ya mti wa ash, mti wa mbao ngumu. Fimbo hiyo huchongwa sehemu ya chini kabisa ya shina, pale linapoanza kupinda kuwa mzizi, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo wa bapa lake na lisipasuke upesi. Mpira ni mdogo, wa ngozi, wenye mishono iliyoinuka, unaitwa sliotar. Ukiuingiza wavuni chini ya mwamba wa goli unapata alama 3, ukiupitisha juu ya mwamba unapata 1. Ndiyo maana fainali ya kwanza, tarehe 17 Machi 1927, Leinster ilishinda ingawa Munster ndiyo iliyofunga magoli mengi: 1-11 kwa 2-6. Namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni mipira iliyopita juu ya mwamba. Piga hesabu, ni 14 kwa 12.

Tarehe hiyo ni Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, na kwa miongo mingi fainali zilichezwa siku hiyohiyo katika uwanja wa Croke Park, Dublin. Watu walifuata nini? Kwanza, majira ya baridi yalikuwa marefu bila mechi kubwa. Pili, na hili ndilo lenye utamu, wachezaji wa kaunti zilizokuwa mahasimu katika mashindano ya kiangazi walivaa jezi moja. Mchezaji wa kaunti ya Cork na wa kaunti ya Tipperary, waliotoka kuumizana mwaka jana, sasa wanapasiana mpira kwa ajili ya Munster. Christy Ring wa Cork alitwaa medali 18 za kombe hili, kati ya 1942 na 1963. Mwaka 1954 watazamaji walikaribia 49,000.

Kisha viti vikaanza kubaki wazi. Televisheni ya taifa ilianza kurusha matangazo siku ya mwisho ya mwaka 1961, na mastaa ambao zamani ulilazimika kuwafuata Dublin wakaanza kuonekana sebuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 likaja taji la vilabu la Ireland nzima, na baadaye fainali zake ndizo zilizoichukua Sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Hapo ndipo ninapoona kiini cha mambo. Klabu ni parokia yako, ni jirani yako na mtoto wa mwalimu wako. Kaunti nayo ina rangi zake, watu huzililia. Jimbo lilikuwa na mastaa, lakini halikuwa na kwao. Tena hurling haikusambaa sawasawa: timu ya Connacht ilikuwa karibu yote watu wa kaunti ya Galway, na Ulster haikulitwaa kombe hili hata mara moja.

Wachezaji wenyewe waliendelea kulipenda, na juhudi za kulifufua hazikukosekana. Fainali ya hurling ilipelekwa Roma mwaka 2003, Boston mwaka 2005, hata Abu Dhabi mwaka 2009, ambako Leinster iliifunga Connacht. Desemba 2016 Munster ikaishinda Leinster mjini Thurles, mji uleule ambamo Chama cha Michezo ya Kigaeli kilianzishwa mwaka 1884. Mwaka uliofuata mashindano hayakuchezwa.