Kwa nini padi ya PS3 ukiichomeka kwenye PC inapepesa taa tu halafu haifanyi kitu?

Chukua padi ya PS3, ile DualShock 3 og kabisa, ichomeke kwenye kompyuta ya Windows kwa waya wake wa mini-USB. Taa zote nne nyekundu zinaanza kupepesa, Windows inatoa ule mlio wake wa kupokea kifaa, ukienda kwenye orodha ya vifaa unaikuta imeandikwa kabisa PLAYSTATION(R)3 Controller. Fungua gemu sasa. Bonyeza X, kimya. Zungusha stiki, kimya. Kompyuta inalijua hadi jina, sasa tatizo liko wapi?

Majibu ya mtaani yako matatu. La kwanza padi imekufa, la pili waya mbovu, la tatu ndo lina wafuasi wengi zaidi: eti Sony waliifunga makusudi ili isitumike nje ya PS3, kuna loku humo ndani, na zile programu za kudownload zinavunja hiyo loku.

La padi kufa ni rahisi kulipima, irudishe kwenye PS3 uone. La waya lina ukweli kidogo, kwa sababu kuna waya za kuchajia tu ambazo ndani hazina zile nyaya mbili za kupitishia data, na mini-USB za zamani za hivyo ziko nyingi. Lakini fikiria, waya wa hivyo ungeifanya kompyuta isijue hata kama kuna kitu kimechomekwa. Jina likishatokea basi data imepita, waya hauna kosa.

La loku ndo la kukaa nalo, maana linasikika kama lina akili na ndo linafanya watu wadownload takataka kwenye PC zao. Loku ingekuwepo ungetegemea kuwe na siri, nywila au kitu kilichofichwa kwa hesabu ngumu. Hakuna. Ichomeke padi hiyohiyo kwenye kompyuta ya Linux na inafanya kazi papo hapo bila kuinstall chochote, kwa sababu drayva yake (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa), inaitwa hid-sony, imo ndani ya kerneli, yani kiini cha Linux, na kodi yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kusoma. Halafu Sony haohao padi ya PS4 waliitoa ikiwa unachomeka kwenye PC na inasoma. Kampuni yenye nia ya kukufungia nje isingefanya hivyo. Kinachoizuia DualShock 3 ni kitu kidogo kuliko loku, na kwa maoni yangu kinachekesha zaidi.

Kifaa cha USB kikichomekwa kompyuta inakiuliza wewe ni nani, kinajibu jina lake na kundi lake. Padi hii inajibu kwamba iko kundi la HID, kundi la kibodi, mausi na padi za gemu. Kwa mausi hapo mambo yameisha, inaanza kutuma habari za mkono wako. DualShock 3 haianzi. Ni kama mgeni aliyelelewa vizuri kupita kiasi: amepiga hodi, ameulizwa nani, amejitaja jina, mlango umefunguliwa, ila havuki kizingiti mpaka asikie neno "karibu". Windows imeshamwandika kitabuni na inamsubiri aingie mwenyewe kama wageni wengine wanavyoingia. Yeye anasubiri akaribishwe. Wanaangaliana hapo mlangoni hadi mwenye nyumba aamue kwamba mgeni ni mbovu. PS3 yenyewe inalitoa hilo neno "karibu" bila kuambiwa kila padi ikichomekwa, ndo maana miaka yote hiyo hakuna aliyekaa kwenye kochi akajua kwamba kuna neno linasemwa.

Na hilo neno ni fupi mno. Ni baiti 4, yani 42 0C 00 00, zinatumwa kwenye ripoti namba F4 (ripoti ni kifurushi cha habari kati ya kompyuta na padi). Padi ikizipata inaanza kumwaga ripoti za baiti 49 kila moja, humo kuna batani, stiki, mwinamo wa padi na hali ya betri. Linux inapita njia tofauti kidogo, inaomba kwanza ripoti namba F2, na kule kuombwa tu kunatosha kuiamsha.

Kwa nini waliitengeneza hivi? Inaelekea kwa sababu waya wake kazi kubwa ilikuwa kuchaji, na kifaa kinachochaji hakina haja ya kupiga kelele, ila hapa ni kukisia kutokana na tabia ya padi, si kauli ya Sony. Tabia yenyewe inaendana: ichomeke kwenye chaja ya simu ya ukutani na mara nyingi haichaji kabisa, maana chaja haina kompyuta ya kuongea nayo.

Upande wa Bluetooth ni hadithi hiyohiyo imezidishwa. Utatafuta padi kwenye simu au PC hadi uchoke, haitokei, kwa sababu haijitangazi. Ukiichomeka kwenye PS3 kwa waya, konsoli inaiandikia ndani anwani yake ya Bluetooth, baiti 6, na kuanzia hapo ukibonyeza batani ya PS padi inaita anwani hiyo moja tu. Kwa hiyo kuihamishia PC bila waya kunahitaji waya kwanza, uandike anwani ya PC juu ya ile ya zamani.

Kwenye Windows ya leo kinachofanya kazi hizi ni drayva ya bure inaitwa DsHidMini, na ya Bluetooth ni BthPS3. Zinasema karibu, basi. Kisha kuna ngazi ya pili ambayo watu wanaichanganya na ya kwanza: gemu nyingi za PC zinasubiri padi ya Xbox, zinaongea XInput, yani lugha ya padi za Xbox kwenye Windows, hivyo DsHidMini ina modi ya kujifanya Xbox. Ndo maana kwenye skrini utaambiwa bonyeza A wakati mkononi una X. Kinachopotea hapo ni mkandamizo. Batani nyingi za DualShock 3 zinapima umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, 0 hadi 255, na XInput ina nafasi ya hiyo kwenye triga mbili tu. Anayecheza gemu za PS2 kwa PCSX2, programu ya kuigiza PS2 kwenye PC, ataona tofauti, atahitaji modi nyingine.

Yote haya ni kwa padi og. PS3 yenyewe Sony waliacha kuitengeneza 2017 huko Japani, padi zinazouzwa leo kama mpya nyingi ni feki, na feki zina malezi yao. Za Gasia zinataka maombi ya ziada ndipo ziamke. Za SHANWAN ukizipa maombi hayohayo zinaanza kutetemeka bila kuacha, na wale wa hid-sony ilibidi waandike kabisa kwenye kodi kwamba jina likiwa na SHANWAN hatua ile irukwe. Jina linaonekana kwenye orodha ya vifaa ukichomeka, so angalia hapo kwanza kabla hujaanza kulaumu drayva.