Je, wajua kwa nini Samweli alimkimbilia Eli mara tatu?

Mtoto amelala hekaluni Shilo. Usiku anaitwa jina lake, anaamka mbio hadi kwa mzee Eli: "Mimi hapa, maana umeniita." Mzee anamwambia hakumwita, akalale tena. Mara ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Tukisoma 1 Samweli 3 tunamsifu mtoto kwa utii wake, lakini hatuulizi: mbona hakujua kwamba ni Mungu?

Maandiko yanasema Samweli alikuwa bado hamjui BWANA. Nami naona kuna zaidi. Sauti ile haikuja kama ngurumo. Ilikuja kama ya mtu wa nyumbani, ndiyo maana akaenda kwa mtu wa nyumbani. Na aliyeitambua ni Eli, mzee aliyekuwa haoni tena vizuri. Mtoto alisikia, mzee akaelewa. Peke yake kila mmoja angeikosa.

Sisi wa Malindi swali hili limetugusa pabaya. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi wao walifunga hadi kufa, wakiamini hiyo ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Walikuwa Wakristo kama mimi, wanaopenda kumsikia Mungu kama mimi. Tangu hapo sikubali tena mtu aniambie "Mungu amesema" kisha nisiulize.

Mei moja, msimu wa kusi, wageni walipoisha, hoteli niliyokuwa nikitandika vitanda iliturudisha nyumbani bila malipo. Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili. Usiku nikapigiwa simu na mhubiri mmoja: nipande mbegu, yaani nimtumie sadaka, ya shilingi elfu tatu kabla ya saa sita, la sivyo mlango wangu utafungwa. Moyo ulinidunda. Nilikuwa nimeshika simu, na elfu tatu ndiyo yote niliyokuwa nayo, nikadhani ule mdundo ni Roho.

Jirani yangu, mama wa Kigiriama, alikuwa uani ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakujua lolote. Aliniangalia tu, akauliza, "Mwanangu, umekula wewe?" Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Akanipakulia sima na mchicha wa nazi, nikala, nikarudi kulala. Saa sita ilipita nimelala.

Ni baadaye nilipokumbuka Eliya. Alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. "Inuka, ule." Akala, akalala, akaamshwa tena ale. Upepo, tetemeko na moto vilikuja siku nyingi mbele, kule Horebu, na BWANA hakuwamo. Kisha ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Kufunga kumo katika Biblia, na mimi hufunga. Lakini mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kuishi, Mungu alimlisha. Nikifikiria Shakahola, aya hiyo hunitoa machozi.

Hapa mjini, karibu na bahari, kuna kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti. Mmisionari Fransisko Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Mwenzake na kiongozi wake, Ignatius wa Loyola, alikuwa askari aliyevunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Kitandani aliwaza ushujaa wa vita, akafurahi, kisha akabaki mkavu. Aliwaza kuwafuata watakatifu, na furaha ikabaki hata wazo lilipokwisha. Hapo akajifunza kuyapima mawazo kwa kile yanachoacha moyoni. Baadaye alifundisha kwamba mtu akiwa kwenye giza na ukavu wa roho asibadilishe uamuzi aliouweka alipokuwa na amani.

Uamuzi wangu wa wakati wa amani ulikuwa kulipa kodi kwanza. Asubuhi ile nilimpelekea mwenye nyumba elfu mbili na mia tano, nikamwomba anisubiri. Mia tano iliyobaki nilinunua unga na mafuta. Alisubiri hadi Julai, wageni waliporudi.